Tor na VPN kwa anayeanza: namna ya kutumia bila kujichoma mwenyewe

Kila intaneti ikianza kusuasua huku kwetu Tanzania maswali ni yale yale. VPN gani ya bure ni nzuri? Tor ni kosa? Nikiwasha incognito (ile ya kuvinjari kwa siri kwenye brauza) wananiona? Nikitumia laini ya mtu mwingine si niko salama? Nimejibu vipande vipande mpaka nimechoka, kwahiyo leo naweka yote sehemu moja, na nakuomba usome mpaka chini kabla hujashusha kitu chochote maana hatua ya kwanza wala haihusu simu.

La incognito tulimalize hapa hapa. Hapana, haikufichi. Inafuta historia kwenye simu yako basi, kampuni ya simu inaona tovuti unazofungua kama siku zote. Anayefichwa ni mumeo au mkeo, sio serikali.

Sasa shika kitu kimoja ambacho watu wengi wanakiruka: hizi zana, VPN na Tor, zinapitisha intaneti yako njia ya kando, zinaficha unakokwenda, hazifichi kwamba umejificha. Mtu aliyeko Uswisi hiyo tofauti haimsumbui. Aliyeko Dar, Kampala, Bujumbura au Addis inamhusu sana, maana kuna sehemu kuonekana tu umejificha kunatosha kukuletea wageni mlangoni. Uturuki, baada ya jaribio la mapinduzi la Julai 2016, maelfu ya watu walishtakiwa kwa kuonekana wametumia apu ya meseji inaitwa ByLock, wengi bila hata kuonyeshwa waliandika nini humo, afu Desemba 2017 ofisi ya mwendesha mashtaka wa Ankara yenyewe ikakiri kwamba watu 11,480 walihusishwa kimakosa, simu zao zilielekezwa kwenye seva ya ByLock bila wao kujua. Ethiopia mwaka 2014 wanablogu wa Zone 9 walipelekwa mahakamani kwa sheria ya ugaidi, na kati ya mambo waliyobebeshwa ni kujifunza jinsi ya kulinda mawasiliano yao. Kujifunza tu. Kwahiyo usije na ile akili ya "nikiwasha VPN mchezo umeisha".

VITU VYA KUWA NAVYO

- Simu ya Android au iPhone ambayo bado inapokea apdeti. Ile simu ya zamani iliyoacha kuapdeti miaka mitatu iliyopita ina matundu kibao, Tor haiyazibi.
- Bando la kueleweka na nafasi kwenye simu.
- Ukiwa na kazi nzito (mwandishi wa habari, mtu wa haki za binadamu, mtu anayetaka kutoa nyaraka za ofisini) tafuta laptopu yenye RAM angalau GB 3 na flashi ya GB 8 au zaidi, nitaeleza kazi yake.
- Siku tulivu. Mambo haya hayajifunzwi usiku wa kuamkia uchaguzi wakati Play Store yenyewe imegoma kufunguka.

NADHARIA KIDOGO, HALAFU BASI

VPN inachukua mawasiliano yako yote na kuyapitisha kwenye seva ya kampuni moja. Kampuni ya simu inaona tu unaongea na seva ile. Lakini mwenye VPN anaona unapokwenda, na anajua wewe ni nani hasa kama ulimlipa kwa kadi au kwa pesa ya simu.

Tor inapitisha mawasiliano kwenye vituo vitatu vya watu wa kujitolea sehemu mbalimbali za dunia. Chukulia unatoka Mbagala kwenda Tegeta kwa kupanda daladala tatu. Konda wa kwanza anajua ulipandia wapi, hajui unaishia wapi. Wa katikati hajui mwanzo wala mwisho. Wa mwisho anajua ulishukia Tegeta lakini hajui ulitokea Mbagala. Ndo maana Tor ni nzito, safari ndefu, na ndo maana hakuna ofisi moja ya kwenda kudai jina lako.

Tofauti hiyo ikukae kichwani. VPN unamuamini mtu mmoja. Tor huhitaji kumuamini yeyote mzima mzima.

HATUA KWA HATUA

1. Kwanza jiulize unamkwepa nani.

Usiiandike kwenye simu, kaa tu ufikirie. Kama shida yako ni X (zamani Twitter) imefungiwa na unataka kuona mpira na siasa, unachohitaji ni kupita ukuta, VPN inatosha. Kama unaandika jambo ambalo mkubwa fulani akijua ni wewe utapotea, VPN haitoshi, unahitaji Tor na nidhamu. Kama anayekuwinda ni bosi wako, kumbuka kompyuta ya ofisi ni ya bosi, hata uweke Tor kumi. Na kama anayekuwinda anaweza kuja kuchukua simu yako mkononi basi tatizo lako kubwa liko ndani ya simu, sio hewani. Watu wanaruka hapa wanakwenda kushusha apu, afu wanatumia nguvu nyingi kuziba dirisha wakati mlango uko wazi.

2. Rekebisha simu.

Apdeti zote. Weka PIN ndefu, tarakimu 6 kwenda juu, isiwe mwaka wa kuzaliwa. Alama ya kidole na uso zizime angalau siku za joto la kisiasa, kwa sababu kidole chako mtu anakishika tu na kukibandika, wakati PIN iko kichwani. Meseji zisijionyeshe juu ya skrini ikiwa imefungwa. Ondoa apu usizotumia, hasa zile za tochi na za kusoma nyota zinazoomba ruhusa ya anwani za watu na mahali ulipo.

3. Shusha Tor Browser kutoka mahali pake tu.

Android ipo Play Store, hakikisha mtengenezaji ni The Tor Project. Ipo pia torproject.org na F-Droid (duka lingine la apu za Android). iPhone haina Tor Browser yenyewe, tumia Onion Browser ambayo Tor Project wenyewe wanaipendekeza. Kompyuta ingia torproject.org.

Tovuti ikiwa imefungiwa, tuma barua pepe gettor@torproject.org, andika ndani jina la mfumo wako tu, mfano windows, watakujibu na linki za kushushia sehemu nyingine.

ONYO: usipokee APK (faili la kufunga apu ya Android) uliyotumiwa kwenye grupu la WhatsApp au kwa Bluetooth hata kama aliyekutumia ni ndugu yako, yeye mwenyewe hajui imetoka wapi. Hii sio hofu ya kufikirika. Wakati wa vita vya Syria watu walisambaziwa Psiphon (apu ya kupita vizuizi vya mtandao) iliyochezewa, ukifunga unaona inafanya kazi vizuri kabisa kumbe imeingiza kirusi cha kukupeleleza, Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto waliianika mwaka 2014. Na mwaka 2022 Kaspersky, kampuni ya usalama wa mitandao, walikuta Tor Browser ya bandia ikigawiwa kwa linki iliyowekwa chini ya video ya YouTube ya Kichina, sababu kule tovuti halisi imefungwa na watu wanachukua wanachokipata. Mtego unategwa palepale penye kiu.

4. USIBONYEZE CONNECT BADO.

Hapa ndo kosa la wengi. Unafungua, unaona kitufe kikubwa, unabonyeza. Ukibonyeza hivyo kampuni yako ya mtandao inaona kabisa kwamba namba fulani imeunganishwa na Tor saa fulani, kwa sababu orodha ya vituo vya Tor iko hadharani kila mtu anaweza kuisoma.

Mwaka 2013 kuna mwanafunzi wa Harvard alituma barua pepe za kutishia mabomu ili mtihani uahirishwe (mjinga, lakini tunajifunza). Alitumia Tor na barua pepe ya muda. Hakuna aliyevunja Tor. Walichofanya ni kuangalia kwenye mtandao wa chuo ni akina nani walikuwa kwenye Tor muda ule, wakakuta wachache, wakamuita, akakiri. Sasa fikiria wilaya nzima usiku mmoja ni wewe peke yako uko kwenye Tor. Hesabu yao inakuwa nyepesi mno.

Kwahiyo kama kuonekana unatumia Tor kunaweza kukuletea shida, nenda kwanza kwenye Configure Connection uchague daraja. Daraja ni kituo cha kuingilia ambacho hakipo kwenye ile orodha ya wazi. Yako ya aina kadhaa:

- obfs4 inafanya mawasiliano yako yaonekane takataka zisizoeleweka.
- Snowflake inakupitisha kwenye brauza za watu wa kujitolea, kwa nje inafanana na simu ya video.
- WebTunnel inajifanya mtu anafungua tovuti ya kawaida.

Yale yanayokuja ndani ya apu yanajulikana na mtu akiyatafuta atayakuta, kwahiyo ukiweza omba la kwako: andika kwa bridges@torproject.org ukitumia barua pepe ya Gmail au Riseup, au tumia boti ya Telegram @GetBridgesBot, au ingia bridges.torproject.org. Utapewa mstari mrefu wa herufi, unaubandika kwenye sehemu ya kuongeza daraja. Daraja linapunguza uwezekano wa kuonekana, halikupi cheti cha usalama. Umeelewa? Sasa bonyeza Connect.

5. Hakikisha.

Fungua check.torproject.org humo humo ndani ya Tor Browser. Ikikupongeza, uko ndani. Afu ukumbuke Tor Browser inafunika brauza yenyewe TU. WhatsApp yako, Facebook yako, Chrome yako zinaendelea kupita njia ya kawaida zikiwa na jina lako. Kuna mtu aliniuliza mbona Tor iko wazi na bado Instagram inamuonyesha matangazo ya mtaani kwao. Ndugu yangu, Instagram umeifungua kwenye apu yake.

Ipo Orbot inayoweza kupitisha apu nyingine kwenye Tor, ila apu uliyojisajilia kwa namba yako itaendelea kukujua hata ukaipitishie mwezini.

6. Panga usalama wa brauza na uache kuichezea.

Kwenye mipangilio kuna Security Level. Standard ni ya kawaida, Safer inazima baadhi ya vitu hatari, Safest inazima JavaScript yote (programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya tovuti) na tovuti nyingi zitaonekana za ajabu. Kazi nyeti tumia Safer au Safest. Usiongeze kitu chochote cha ziada, hata kile cha kuzuia matangazo. Nguvu ya Tor Browser ni kwamba wote mnafanana, ukiipamba unakuwa wewe peke yako mwenye brauza ya namna ile.

Na ukiona onyo kwamba tovuti haina HTTPS (kufuli linalofunga mawasiliano kati yako na tovuti) usilazimishe kuingia. Yule konda wa mwisho anaweza kuchungulia. Mwaka 2007 Msweden mmoja aliendesha vituo vya kutokea vya Tor na kunasa paswedi za barua pepe za balozi mbalimbali, maofisa wale waliamini Tor inafumba kila kitu mwanzo mpaka mwisho.

7. Tengeneza mtu mpya kabisa.

Hii ndo hatua inayofelisha watu kuliko zote, na haina ufundi hata kidogo.

Ukiwa ndani ya Tor ukaingia kwenye Gmail yako ya siku zote, umeshajitambulisha. Umetembea safari yote ile kujificha afu umefika mlangoni umetaja jina. Akaunti ya siri ifunguliwe ndani ya Tor, itumike ndani ya Tor tu, na isiguswe hata siku moja nje ya Tor. Mara moja tu ukisahau, namba yako ya mtandao (IP) inabaki kwenye rekodi zao.

Usiweke namba ya simu. Tanzania laini zote zinasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020, kwahiyo namba ya simu ni sawa na kuacha kidole chako. Na laini ya mtu mwingine? Kwanza unamuingiza mwenzio matatani. Pili simu yako ina namba yake ya IMEI inayoonekana kwa kampuni ya simu bila kujali umeweka laini gani. Mnakumbuka Juni 2016 simu feki zilivyozimwa nchi nzima? Zilizimwa kwa IMEI. Kwahiyo ukichomeka laini "safi" kwenye simu ile ile, mitambo yao inaona laini mbili ndani ya simu moja.

Jina la akaunti lisifanane na lolote uliloshatumia. Picha ya wasifu usichukue kwenye simu yako. Na lugha! Kama kila mtu anajua wewe ndo yule wa kuandika "aisee" kila mstari na kumalizia nukta nne nne, utajulikana kwa hilo. Muda pia unasema: akaunti inayonyamaza kila ukisafiri, inayopost ukiwa mapumziko ya kazini tu, mtu mvumilivu ataunganisha.

Kwanini nasisitiza usitoe taarifa halisi hata kwa tovuti unayoiamini? Kwa sababu serikali mara nyingi haihangaiki kuvunja Tor, inakwenda kwa mwenye tovuti. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa na kufunguliwa kesi, polisi walitaka taarifa za wanachama, na mwaka 2020 mahakama ikamkuta na hatia ya kuzuia uchunguzi. Yeye aligoma. Sio kila mwenye tovuti atagoma, na hata kampuni za nje zinatii sheria za kwao: mwaka 2021 ProtonMail walilazimika, kwa amri ya mamlaka za Uswisi, kurekodi namba ya mtandao ya mwanaharakati wa mazingira aliyekuwa Ufaransa. Angeingia kwa Tor, namba ambayo wangekutana nayo isingekuwa yake. Taarifa ambayo hukuitoa hakuna anayeweza kulazimishwa kuitoa.

8. Safisha faili kabla ya kutuma.

Picha inabeba ndani yake aina ya simu, saa, na mara nyingi mahali kabisa ilipopigwa. John McAfee, yule wa antivirusi ya McAfee, mwaka 2012 alikuwa mafichoni, jarida la Vice wakaweka picha yake mtandaoni bila kuifuta zile taarifa, watu wakasoma wakajua yuko Guatemala. Njia rahisi ni kupiga skrinishoti ya picha na kutuma skrinishoti, ila ukate ile sehemu ya juu yenye jina la mtandao, saa na vialama vya apu zako.

Word na PDF zinabeba jina la mwandishi na la kompyuta. Nyaraka za ofisini nazo wakati mwingine zimegawiwa kwa watu wachache, na printa nyingi za rangi zinachapa vidoti vya njano visivyoonekana kwa macho vyenye tarehe na namba ya printa. Mbali na vidoti, ofisi inajua nani alifungua faili lile na nani alilichapisha. Jiulize mmeliona watu wangapi. Kama ni watatu, hakuna Tor ya kukusaidia hapo, subiri au tafuta njia nyingine ya kulisema jambo lile.

9. Ukimaliza, funga.

Bonyeza New Identity au toka kabisa kwenye apu. Faili ulizoshusha hazifutiki zenyewe, zimebaki kwenye simu. Kwa kazi nzito ndo unatumia ile flashi: unaweka Tails (mfumo wa kompyuta unaoishi kwenye flashi), unawasha laptopu kutokea kwenye flashi, kila kitu kinapita Tor, na ukizima kompyuta haikumbuki kitu (labda uwe umeiambia kwa makusudi itunze). Haiwaki kwenye Mac mpya zenye chipu ya Apple yenyewe. Ukishusha kutoka tails.net fuata maelekezo yao ya kuhakiki faili, usiruke.

VPN JE? NA SHERIA?

VPN ina kazi yake, kufungua kilichofungwa. Uganda walipoleta kodi ya mitandao ya kijamii Julai 2018, shilingi 200 kwa siku, watu wengi walihamia VPN, na Januari 2021 Facebook ilipofungwa kuelekea uchaguzi, ikabaki imefungwa miaka mingine, VPN ikawa kitu cha kawaida kule. Hilo lina faida yake pia, mkiwa wengi kila mmoja anapotea kwenye kundi.

Ila ya bure uiogope. Mwaka 2020 VPN saba za bure zenye mizizi Hong Kong zilizokuwa zinajitapa hazitunzi kumbukumbu za wateja zilikutwa zimeacha kumbukumbu hizo hizo wazi mtandaoni. Seva zinalipiwa na mtu, kama sio wewe basi jiulize anayelipa anapata nini. Zipo za bure zenye heshima, Proton VPN na Psiphon mfano, lakini Psiphon wenyewe wanasema imetengenezwa kupita vizuizi, sio kukuficha wewe ni nani.

Kwa upande wa sheria Tanzania, kanuni za maudhui mtandaoni za mwaka 2020 zinakataza kutumia teknolojia ya kukuwezesha kufikia maudhui yaliyokatazwa, na adhabu ni faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miezi 12 au vyote. Oktoba 13, 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikatoa tangazo kwamba wenye shughuli zinazohitaji VPN watoe taarifa zao, pamoja na namba ya IP, kabla ya Oktoba 30. Kwahiyo ukiwa na ofisi inayotumia VPN ya kazi, jisajili, usijipalie makaa bure. Mtu binafsi amua ukiwa umeshajua hayo. Msafiri pia: Iran, Urusi, China, Oman na Falme za Kiarabu kila moja ina masharti yake kuhusu VPN, soma kabla ya kupanda ndege na sio ukishafika.

Na "VPN kwanza halafu Tor"? Inaficha Tor kwa kampuni ya simu, ila VPN yenyewe inaonekana. Kama sehemu uliyopo VPN ndo inayotazamwa vibaya, hujapata kitu. Daraja linatosha.

MAKOSA NINAYOYAONA KILA SIKU

Kutamba. Mtu anafungua akaunti ya siri afu anamnong'oneza mshikaji mmoja tu. Kesi nyingi hazihitaji kompyuta, zinahitaji mshikaji aliyekasirika.

Kudhani Signal ni Tor. Signal ni apu ya meseji, inafunga ujumbe vizuri sana, mwaka 2016 mahakama ya Marekani ilipowadai taarifa walichokuwa nacho ni tarehe ya kufungua akaunti na mara ya mwisho kuunganishwa, basi. Lakini unajisajili kwa namba ya simu. Weka jina la mtumiaji (yapo tangu 2024), zuia namba yako isionekane, washa registration lock ili mtu asichukue akaunti yako kwa meseji ya kuthibitisha, na weka meseji zijifute. Kumbuka mwenzio anaweza kupiga skrinishoti.

Kutembea na simu kwenye kila mkutano. Minara inaandika simu ilikuwa wapi hata intaneti ikiwa imezimwa. Na simu kumi zikizimwa pamoja dakika moja mtaa mmoja nayo ni habari.

IKIGOMA

Inakwama kwenye asilimia kumi na kitu haisogei: angalia saa na tarehe ya simu kwanza. Kweli. Tor inakataa saa ikiwa imekosewa na watu wanahangaika kutwa kwa hilo. Saa ikiwa sawa badili daraja, obfs4 ikigoma jaribu Snowflake, ikigoma omba la WebTunnel.

Inafunguka ila inatambaa: bonyeza New Tor Circuit kwa tovuti ile, inabadili njia. Video achana nazo.

Tovuti inakukataa au inakupa picha za kuchagua taa za barabarani bila mwisho: tovuti nyingi hazipendi Tor. Badili njia, au tumia anwani yao ya onion (inayoishia na .onion) kama wanayo, BBC na DW wanazo, zinafunguka ndani ya Tor moja kwa moja.

Simu imechukuliwa kwenye kizuizi cha barabarani: hapo umechelewa kwa kila kitu isipokuwa PIN na meseji zilizojifuta jana. Usianze kufuta vitu mbele ya askari, kufuta nako kunaweza kugeuzwa kosa la kuharibu ushahidi. Namba ya wakili uikariri kichwani, ya kwenye simu haitakusaidia. Simu ikirudi baada ya kukaa kwao usiiamini tena, hata ukiifuta yote.

Hakuna kinachofunguka, sio Tor, sio VPN, hata Google: basi intaneti imezimwa yote kama Uganda Januari 2021 au kwetu kuanzia Oktoba 29, 2025, na hakuna VPN ya kupenya pasipo na mtandao, usipoteze chaji kujaribu kumi tofauti. Kilichobaki ni Briar, apu ya Android inayotuma meseji simu kwa simu kwa Bluetooth au Wi-Fi bila intaneti, kwa watu mlio karibu, chumba kimoja au nyumba moja. Lakini muiweke mapema, muongezane ana kwa ana kwa kuskani QR za kila mmoja, na mjaribu kutumiana siku ambayo data mmezizima wenyewe.